Baraza la Mwalimu: Mtoto wa usiku wa Jumatano, 28 Mfunguo Tisa

Barua za safari hii zimenishangaza. Kati ya saba zilizonifikia, sita zimeangukia mwezi mmoja, Agosti 1905. Chanzo ni mimi mwenyewe. Toleo lililopita niliandika mistari sita kuhusu mkataba wa Portsmouth uliomaliza vita vya Urusi na Japani, na katika mistari hiyo sita nikafanikiwa kukosea tarehe. Msomaji wa Arusha akanidaka, wengine wakazinduka na ya kwao. Deni la kosa nitalilipa huko mbele. Naanza na barua ya Kilwa, maana ndiyo iliyonikalisha kibarazani hapa Ngamiani mpaka chai ikapoa mara mbili na mbu wakanifukuza.

*Shikamoo Mwalimu. Babu yetu alifariki hapa Kilwa Kivinje mwaka 1988. Kwenye jalada la ndani la msahafu wa familia, baba yake aliandika kwa herufi za Kiarabu kwamba mtoto amezaliwa usiku wa Jumatano, 28 Mfunguo Tisa, mwaka 132 na kitu. Tarakimu ya mwisho imeliwa na mende. Ami anasema ni mbili, shangazi anasema ni tatu, na kitambulisho chake cha zamani kimeandikwa 1906. Tunataka kuweka jiwe kaburini. Alizaliwa lini hasa? Na dunia ilikuwa ikifanya nini siku hiyo? (Wajukuu, Kilwa Kivinje)*

Marahaba, wajukuu wangu. Mbili na tatu za Kiarabu zinapishana jino moja tu, kwa hiyo siwashangai ami na shangazi. Bahati yenu ni kwamba aliyeandika alikuwa mtu makini, akataja na siku ya wiki. Hiyo ndiyo shahidi wetu wa kwanza. Ninalo daftari nililonakili mwaka 1974 kutoka kwa mwalimu wangu wa chuoni, lenye hesabu za miezi yetu na ile ya Kizungu, ukurasa kwa ukurasa. (Kwa wasioujua, Mfunguo Tisa ni mwezi wa tisa baada ya Ramadhani, ule Waarabu wanaouita Jumada al-Thani.) Mke wangu analiita mke mwenza.

Tukifuata ya ami, yaani 1322 ya Hijria, tarehe 28 Mfunguo Tisa inaangukia Ijumaa, 9 Septemba 1904. Hata tukisema mwezi wa Kilwa ulionekana siku moja mapema au ulichelewa siku moja, tutapata Alhamisi au Jumamosi. Jumatano haipatikani hata kwa kuivuta. Tukifuata ya shangazi, 1323, Mfunguo Tisa uliandama ukaanza Alhamisi, 3 Agosti 1905, na siku ya 28 ikawa Jumatano, 30 Agosti. Shangazi kashinda. Ami asininunie.

Shahidi wa pili yuko mbinguni. Jumatano hiyohiyo, 30 Agosti 1905, jua lilipatwa. Sasa jua halipatwi ovyo: hupatwa mwezi unapokuwa umekwisha, siku za 28 au 29 kwa hesabu yetu, kwa kuwa mwezi wenyewe ndio unaopita mbele ya jua na kulifunika. Kwa hiyo kupatwa kwa jua tarehe 30 Agosti ni muhuri kwamba Mfunguo Tisa ulikuwa ukingoni siku hiyo. Mende wamekula tarakimu, mbingu imeirudisha.

Bado kuna neno "usiku". Vijana wa siku hizi wanasahau, kwa wazee wetu siku ilianza jua likizama, si saa sita za usiku. Usiku wa Jumatano ni ule unaoitangulia Jumatano. Kwa hiyo babu yenu alizaliwa baada ya magharibi ya Jumanne, 29 Agosti 1905, kwa kalenda ya ukutani. Hiyo 1906 ya kitambulisho isiwasumbue. Nimeshika vitambulisho vingi vya wazee: karani alikuwa akiuliza, mzee anajibu "mwaka wa vita vya maji", karani anachagua namba inayompendeza.

Na vita vya maji ndivyo hasa vilivyokuwa vikipiga hodi usiku ule. Mmeniuliza dunia ilikuwa ikifanya nini. Kwanza nawaambia Kilwa ilikuwa ikifanya nini, kwa sababu ukiutazama mwezi ule kwa kalenda yetu unapata sura ambayo vitabu vya Agosti havionyeshi.

Tarehe 20 Julai watu wa Nandete, kwenye vilima vya Umatumbi vilivyo nyuma ya mji wenu, walikuwa wamekwenda kwenye shamba la pamba la serikali wakang'oa mashina machache. Majina ya waliong'oa ya kwanza yamehifadhiwa: Ngulumbalyo Mandai na Lindimyo Machela. Wanafunzi wa historia wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam waliyakuta vinywani mwa wazee mwaka 1968. Kung'oa huku hakukuwa hasira ya ghafla, ilikuwa barua ya kutangaza vita, imeandikwa kwa mizizi. Kabla ya Julai kwisha Samanga, pwani kaskazini ya Kivinje, ilikuwa imeshambuliwa. Kisha mwezi ukaandama. Siku ya pili ya Mfunguo Tisa, Ijumaa tarehe 4 Agosti, Wajerumani walimnyonga Kinjikitile Ngwale, mganga wa Ngarambe aliyegawa maji ya dawa ya kuzuia risasi, pale Mohoro. Wazee wanasema alipopelekwa kitanzini aliwaambia haidhuru, dawa imekwishafika Mahenge na Kilosa. Siku ya 12, askofu Cassian Spiss wa Wabenediktini aliuawa njiani karibu na Liwale, pamoja na mabruda wawili na masista wawili. Katikati ya mwezi boma la Liwale likaanguka. Na siku ya 28, asubuhi ya kwanza ya maisha ya babu yenu, wapiganaji walilivamia boma la Mahenge kwa maelfu. Waliolisubiri shambulio pale ni askari wachache, watu wa machifu waliokuwa upande wa Wajerumani, na bombomu, yaani bunduki ya rashasha. Bombomu ile ndiyo iliyojibu swali kama maji yanazuia risasi.

Kwa hiyo Mfunguo Tisa wa 1323 ulifunguliwa na kitanzi cha Mohoro ukafungwa na bombomu ya Mahenge. Vita vyenyewe viliendelea hadi 1907. Serikali ya Kijerumani ilikubali watu 75,000 walikufa. Wanahistoria wa baadaye wamefika 250,000 hadi 300,000, wengi kwa njaa baada ya vyakula kuchomwa. Mama aliyejifungua Kivinje usiku ule alijifungua mlangoni mwa hayo yote.

Sasa dunia. Jua lilipokuwa likizama Kilwa Jumanne ile, Portsmouth huko Marekani ilikuwa bado asubuhi, na ndiyo siku ambayo Sergei Witte wa Urusi na Komura Jutarō wa Japani walikubaliana kumaliza vita vyao. Japani iliacha kudai fidia ya fedha, Urusi ikatoa nusu ya kusini ya kisiwa cha Sakhalin. Na mchana wa Jumatano, watu wa Mahenge wakizika wafu wao, kivuli cha mwezi kilikuwa kikikimbia kutoka Kanada, kikavuka bahari, kikapita Hispania, Algeria, Tunisia, Tripoli, kikafika Aswan nchini Misri na kumalizia safari Bara Arabu. Kule Burgos, Hispania, mfalme Alfonso XIII alitoka kukitazama. Pale giza lilipokaa sana, lilikaa dakika 3 na sekunde 46. Wanajimu wa Lick, kituo cha kutazamia nyota cha California, walijigawa makundi matatu, Labrador, Hispania na Aswan, ili mawingu yasiwanyime kote. Ikawa kama walivyohofia, Labrador mawingu yakafunga. Mojawapo ya shughuli zao ilikuwa kutafuta sayari iliyodhaniwa kukaa karibu na jua kuliko Utaridi. Hawakuiona, kwa sababu haipo. Napenda sana habari ya watu waliosafiri na masanduku ya mitambo mpaka Aswan kuthibitisha kwamba kitu hakipo. Huku kwetu njia ya kivuli haikupita, kwa hiyo msije mkaandika kaburini kwamba babu alizaliwa na jua likazimika.

*Mwalimu, mpwa wangu anasoma chuo na amerudi likizo na maneno mapya. Anasema Maji Maji ilianzishwa na ushindi wa Japani juu ya Urusi, kwamba watu weusi waliona watu wa manjano wamempiga mzungu, nao wakainuka. Babu yangu mzaa baba alipigana upande wa Wangoni na sijawahi kusikia Japani ikitajwa. Nani mkweli? (Mama wa Songea)*

Mama, mpwa wako usimkemee sana. Ameona mambo mawili yamekaa mwezi mmoja akayafungia ndoa. Nami nilipokuwa kijana nilifundisha darasa zima hivyohivyo, na mwanafunzi mmoja wa dawati la nyuma akaniuliza: "Nani aliwapelekea Wamatumbi gazeti?" Sikuwa na jibu, nikamtuma akachote maji. Leo namjibu.

Pwani ile ilikuwa na njia mbili za habari. Ya kwanza ni waya wa simu za maandishi, telegrafu, wa chini ya bahari, uliofika Unguja mwaka 1879, ukaunganishwa na Bagamoyo na Dar es Salaam mwaka 1890. Waya huo ulibeba bei za karafuu, meli, na maneno ya wakubwa. Gavana Götzen akiwa Dar es Salaam aliweza kuiomba Berlin manowari na jibu likaja haraka. Ya pili ni ile Wamatumbi waliyoiita njwiywila, maneno ya kunong'onezana mtu kwa mtu: mwaka huu ni mwaka wa vita, kuna mtu Ngarambe amepandwa na roho, nendeni mkamwone. Watu walikwenda Ngarambe makundi kwa makundi tangu 1904, wakarudi na maji na habari. Njwiywila haikuwa na kituo cha kukatwa waya. Wajerumani wenye simu walishtukia vita vimekwishaanza. Wasio na simu walijua mwaka mmoja mbele.

Je, jina la Japani halikufika kabisa? Hapo nampa mpwa wako nusu alama. Manowari za Urusi, zikiwa njiani kwenda kupigwa na Wajapani Tsushima tarehe 27 na 28 Mei 1905, zilitia nanga zaidi ya miezi miwili Nossi-Bé, kaskazini-magharibi ya Madagaska. Hayo ni maji ya majahazi yetu. Nahodha wa Kilwa au wa Ngazija asiyejua kwamba Warusi wamejaa pale angekuwa nahodha kipofu. Lakini kusikia kwamba watu wanapigana ni jambo moja, kuacha shamba lako ukaenda kufa mbele ya bombomu ni jambo jingine. Wale wazee wa 1968, walipoulizwa walipigania nini, walitaja pamba, kodi, kiboko na maakida. Unajua walivyolipwa baada ya mwaka mzima wa kulima lile shamba la jumbe kwa zamu? Senti 35. Wako waliokataa kuzipokea. Mtu aliyekataa senti 35 za jasho lake hahitaji Mjapani wa kumchochea.

Kama mpwa wako anataka uzi wa kweli wa kufunga Umatumbi na dunia, achukue pamba yenyewe. Wajerumani walihimiza pamba huku kwa sababu viwanda vyao vilitegemea ya Marekani, na walichoka kuwa watumwa wa bei ya watu wengine. Basi siku ya tano ya Mfunguo Tisa, Jumatatu tarehe 7 Agosti, siku tatu baada ya kitanzi cha Mohoro, watu walikusanyika Town Hall ya Calcutta wakaazimia kususia bidhaa za Kiingereza, hasa nguo za Manchester, kwa hasira ya Lord Curzon, mtawala wa Kiingereza wa India, kuigawa Bengal vipande viwili. Huku wanang'oa mmea, kule wanasusa kitambaa. Hawakuandikiana, hawakujuana. Ila bwana wa huku na bwana wa kule walikuwa wakila sahani moja, na sahani hiyo ilikuwa ya pamba. Mwambie mpwa aandike hayo kwenye utafiti wake, Japani aiache kwa Wachina: tarehe 20 Agosti, Tokyo, Sun Yat-sen na wenzake waliunda chama cha kuuangusha ufalme wa Qing, na hao kweli walikuwa wakiitazama Japani kwa macho mawili.

*Assalamu alaykum ya Mwalimu. Mimi ni mzaliwa wa Unguja, sasa ni mkazi wa Maskati, asili yetu ni Sur. Babu wa babu yangu alikuwa nahodha wa jahazi lililopandisha bendera ya Kifaransa. Tuna kisanduku chake cha bati chenye karatasi ya Kifaransa. Alifariki mwaka 1911 na mwanawe akaendelea na jahazi bila bendera ile. Ndugu zangu wanaona haya, wanasema alikuwa kibaraka. Nini kilitokea? (Msuri, Maskati)*

Wa alaykumu s-salaam. Kwanza funga kisanduku vizuri, karatasi hiyo ina thamani kuliko unavyodhani. Pili, waambie ndugu zako haya waweke kando mpaka wasikie kesi.

Ndiyo, ilikuwa kesi, na hukumu yake ilitoka Jumanne tarehe 8 Agosti 1905, mjini The Hague, kwenye Mahakama ya Kudumu ya Usuluhishi. Mdai na mdaiwa walikuwa Ufaransa na Uingereza. Wasuri wenyewe, wenye majahazi, hawakuitwa hata kutoa ushahidi.

Mambo yalikuwa hivi. Manowari za Kiingereza zilikuwa zikisimamisha majahazi kati ya Oman na Unguja kutafuta watumwa. Ufaransa haikukubali Mwingereza apande chombo chenye bendera yake. Wasuri si wajinga. Walikuwa wakienda Ngazija, Mayotte na Nossi-Bé kila msimu, makonsuli wa Kifaransa waliwapa vyeti, na mwenye cheti alipita mbele ya manowari bila kusimamishwa. Kusema kweli wako waliobeba tende na samaki, na wako waliobeba watu. Kisanduku cha bati hakitakuambia babu yako alikuwa upande gani, nami sitakutengenezea hadithi ya kukufurahisha. Ila kibaraka ni neno lisilomfaa. Kibaraka humtumikia bwana. Hawa walimtumia Mfaransa mmoja kumzuia Mwingereza mmoja, na mkononi kulibaki biashara yao. Aliyeumia roho zaidi ni Sultan Faisal bin Turki, kwa sababu raia wake wa Sur walipodaiwa kodi au kuitwa barazani, wengine walionyesha bendera.

Wasuluhishi walikuwa watatu: Melville Fuller, jaji mkuu wa Marekani, aliyechaguliwa na Uingereza, Savornin Lohman wa Uholanzi, aliyechaguliwa na Ufaransa, na Heinrich Lammasch kutoka Vienna kuwa mwamuzi wa juu. Walisema kabla ya tarehe 2 Januari 1892, siku Ufaransa ilipoidhinisha mkataba wa Brussels wa kukomesha biashara ya watumwa, Ufaransa ilikuwa huru kumpa bendera yake imtakaye. Waliopewa kabla ya siku hiyo wabaki nayo. Baada ya siku hiyo, apewe tu aliyekuwa chini ya ulinzi wa Ufaransa kabla ya mwaka 1863.

Soma tena hiyo 1863. Hukumu inatolewa 1905. Aliyekuwa mtu mzima mwenye jahazi kabla ya 1863 alikuwa sasa mzee wa miaka sitini na zaidi, kama hajalala makaburini. Kisha wakaongeza kwamba cheti ni cha mtu na chombo kile kile: hakiuzwi, hakihamishwi kwenye jahazi jingine, wala kwa mtu mwingine. Na kwamba kupandisha bendera ya Ufaransa hakumtoi Muomani kwenye mamlaka ya Sultani wake. Kwa hiyo hakimu hakuishusha bendera, aliiacha ife na mwenyewe. Ufaransa ikatoka mahakamani bila kuaibika, Uingereza ikatoka na ushindi wa kusubiri. Mwaka mmoja kabla walikuwa wamekwishapatana mambo yao makubwa ya Misri na Moroko, hawakuwa na hamu ya kugombana kwa ajili ya majahazi.

Sasa umepata jibu la babu yako. Alifariki 1911, cheti kikafariki naye, mwanawe akapandisha bendera nyekundu ya Sultani kwa sababu sheria haikumpa nyingine. Ninaomba utazame tarehe iliyo kwenye karatasi. Ikiwa ni ya kabla ya Januari 1892, babu yako alikuwa ndani ya hukumu ya The Hague kwa haki kamili. Ikiwa ni ya baada ya hapo, huenda alikuwa mjanja zaidi ya nilivyomdhania.

*Mwalimu, je ni kweli Einstein aligundua E=mc² Agosti 1905? Tunabishana bwenini. (Kidato cha Tatu, Mwanza)*

Hapana. Makala yake ya kwanza ya nadharia ya uhusianifu, ambamo E=mc² ilizaliwa baadaye, ilifika kwa wahariri wa jarida la Annalen der Physik tarehe 30 Juni na ikachapwa 26 Septemba. Ile fupi yenye uhusiano wa nishati na uzito ilifika tarehe 27 Septemba. Agosti nzima karatasi za karani huyu wa ofisi ya hataza ya Bern zilikuwa kiwandani kwa wachapaji, na dunia haikuwa na habari. Sasa mzime taa mlale.

*Habari za siku, Mwalimu. Naishi Bergen mwaka wa kumi na moja sasa. Wenyeji hapa husema watu 184 tu ndio waliokataa Norway kuwa nchi huru. Ni utani? (Dada wa Bergen)*

Si utani, dada. Jumapili tarehe 13 Agosti 1905 Wanorwe walipiga kura ya kuvunja muungano na Sweden. Waliosema ndiyo ni 368,208, waliosema hapana 184. Wanawake hawakuruhusiwa kupiga kura ile, wakazunguka wenyewe na karatasi, wakakusanya saini zaidi ya 240,000 za kuunga mkono. Mimi hao wanawake wananivutia kidogo, wale 184 wananivutia sana. Hebu fikiria kijiji cha watu wanaojuana, wote wamekwenda na ndiyo, na wewe unajua ni nani yule mmoja. Ukipata mzee wa kukusimulia habari ya mmojawapo, niandikie hata kwa mkato.

*Mwalimu, umeandika mkataba wa Portsmouth ulitiwa saini 29 Agosti. Ulitiwa saini 5 Septemba. Ukiwa mwalimu wangu wa zamani nilitarajia zaidi. (Arusha)*

Nimeipokea fimbo. Tarehe 29 Agosti ni siku ya kukubaliana. Saini ziliwekwa tarehe 5 Septemba, na siku hiyohiyo watu wa Tokyo wakaingia barabarani kwa ghasia, wakidai vita vilivyomwaga damu yao vimemalizwa bila fidia. Nilichanganya mezani na kwenye wino.

Lakini, mwanafunzi wangu, usishangilie mapema. Urusi ya wakati huo ilifuata kalenda ya zamani, nyuma ya wenzake kwa siku 13. Chini ya mkataba wenyewe tarehe imeandikwa mara mbili: siku ya 5 ya mwezi wa 9 wa mwaka wa 38 wa Meiji kwa Wajapani, na kwa Warusi 23 Agosti, ikilingana na 5 Septemba. Kwa hiyo kwa kalenda ya Mfalme Nikolai, mkataba ulitiwa saini Agosti. Nilikosea siku, mwezi nikaupata kwa bahati ya Kirusi. Ungenipa alama ngapi? Kwa kalenda hiyohiyo manifesto yake ya kuahidi baraza la Duma, lile baraza la kushauri tu lisilo na meno, ni ya 6 Agosti, ilhali vitabu vingi vinaandika 19. Na kama kuna anayependa vijambo vidogo: tarehe 25 Agosti, mazungumzo yakiwa yamekwama, rais Theodore Roosevelt, mpatanishi wao, aliingia kwenye nyambizi iitwayo Plunger karibu na nyumbani kwake Oyster Bay akazama nayo chini ya maji. Alipotoka akaendelea kuwaandikia wafalme barua. Mwaka uliofuata akapewa Tuzo ya Nobel ya Amani.

Nyongeza ya Kilwa. Nimekwishapeleka ukurasa kwa mhariri, mjukuu mmoja kapiga simu. Fundi wa jiwe anatoza kwa herufi, na tarehe zote mbili, yetu na ya Kizungu, zinapita bajeti. Waache ipi? Ami, ambaye bado hajakubali matokeo, anataka ya Kizungu peke yake, maana ndiyo watoto wanayoisoma.

Wekeni ya baba yake: usiku wa Jumatano, 28 Mfunguo Tisa 1323. Tatu, si mbili. Na mwambieni fundi asisahau lile jino la tatu.